Nilisamehe Kifo Ambacho Si Changu

Nilipokuwa kijana nilipelekwa Mbagala kumsemea jirani yetu posa. Bibi wa binti, aliyetupokea, alikuwa ameshafukuza wachumba kadhaa. Mie nikaongea, nikaongea, mpaka akacheka, tukapewa mke. Mke mwenyewe hakukaa, lakini lawama hiyo hawakuniwekea mie. Nikapata jina, kwamba najua kusema. Basi mdomo huo huo ndio ulionikosesha, jamani, nami sina wa kumsingizia.

Enzi hizo za Mwingereza, kila Idi pale Temeke ilisimamishwa pembea ya duara: masanduku manne ya mbao, wanaume wawili wanaizungusha kwa mikono. Mwenyewe alikuwa Bwana Nasoro, Mwarabu wa dukani, mtu mpole. Chuma cha sanduku moja kilikuwa kimelika, kimefungwa kamba. Wote tulikiona. Wote tulipanda.

Idi moja kamba ikakatika. Sanduku likaanguka na Sefu, mtoto wa marehemu dada yangu, kijana mzima wa kazi ya bandarini. Alikata roho hatujamfikisha kivulini.

Baba yake, shemeji yangu Kondo, hakulia. Akasema, "Naenda kwa Liwali. Fidia sitaki. Nataka lile dude livunjwe."

"Shemeji, utamshtaki mtu kwa kazi ya Mungu?"

"Kwani Mungu ndiye aliyefunga ile kamba?"

Siku ya hitima Bwana Nasoro akaleta ng'ombe na mchele. Akasimama mbele ya watu, analia kweli, akaomba radhi. Watu wakanigeukia mie, maana kwetu Wazaramo mjomba ndiye msemaji. Kondo alikuwa uani anateka maji. Ningemwita angesikia. Sikumwita!

Nikasimama, nikasema maneno mazuri sana. "Tumekusamehe duniani na akhera. Hatukudai lolote." Watu wakaitikia amina, wengine wanafuta machozi. Nami, Mungu anisamehe, nikafurahi!

Kondo akatokea na ndoo. "Umesamehe nini?"

"Shemeji, mbele ya watu..."

"Nimekuuliza, umesamehe nini?"

Mtani wetu mmoja akadakia, "Mwacheni ale kwanza, pilau inapoa!" Watu wakacheka. Nikala.

Kwa Liwali alikwenda hata hivyo. Nikaitwa, nikaulizwa kama nilisamehe mbele ya watu. Nikasema ndiyo. Liwali akamwambia Kondo arudi nyumbani, madai hayapo tena.

Nyie mnaopewa heshima ya kuwasemea wenzenu, muulizeni kwanza mwenye kufiwa! Msamaha mtamu sana kuutoa ukiwa maiti si wako.

Idi iliyofuata pembea ikasimama palepale, imepakwa rangi ya kijani. Kamba mpya. Watoto wanagombania zamu. Kondo akaja akasimama karibu nami, akaitazama inavyozunguka.

"Unaiona?" akaniuliza.

"Naiona, shemeji."

Akashika njia ya Kiwalani, kanzu yake ya Idi mwilini, mikono mitupu. Nyumba yake nikaifunga mie. Hakurudi tena.