Risiti za Saruji za Baba

Usiku ule wa kuamkia siku ya kusaini nililala nina hasira na kila mtu, hata mtoto nilimnyonyesha nimenuna. Asubuhi nilitakiwa ofisi ya serikali ya mtaa, kuuza nyumba aliyoniachia baba. Ba'mdogo Hamisi ndiye aliyemleta mnunuzi, na ndiye aliyepanga mambo: mkataba uandikwe nusu ya bei, nusu nyingine apokee yeye mkononi, atanipa baadaye.

"Ukiandika bei yote, kodi inaondoka na nyumba nzima," aliniambia. "Kila mtu anauza hivyo, Mama Nasra. Au wewe una shule kutuzidi?"

Shule ninayo, ya kidato cha nne. Na bado sikwenda kumuuliza mtu yeyote.

Nikasinzia. Mlango haukufunguka, lakini baba alikuwa ndani. Baba alikuwa fundi mwashi, tulimzika kabla Nasra hajazaliwa. Amekalia ndoo iliyopinduliwa, mwiko mkononi, anajenga kuzunguka kitanda changu. Tofali, udongo, tofali. Haniangalii.

"Shikamoo, baba."

Anagonga tofali kwa mpini wa mwiko, likae sawa.

"Risiti zangu ziko wapi?"

Kitanda hakipo tena. Tuko uani, siku ya arobaini yake, wanawake wanamenya vitunguu, mimi nina tumbo kubwa nimechutama mbele ya jiko. Mkaa umelowa, unatoa moshi tu. Navuta kopo lake la maziwa ya unga, nachomoa vikaratasi: saruji, bati, nondo, misumari. Nachoma kimoja kimoja. Hilo sikuliota; nililifanya kweli. Hakuna aliyenizuia, na pilau liliiva tukala.

Baba amesimama nyuma yangu, ananusa moshi.

"Kodi inakula faida, mwanangu. Haili jasho lenye karatasi."

Nikaelewa, na kuelewa kwenyewe kulikuwa kama tofali kifuani. Kumbe kwanza inatolewa gharama ya kiwanja na ya kujenga yenye risiti, kinachobaki ndicho kinachotozwa. Si nyumba nzima! Miaka yote baba alitunza lile kopo kwa ajili ya siku hii, nami risiti zake nimewashia jiko la wageni.

"Baba, nimezichoma."

Sasa ukuta umenifika shingoni. Nasra analia upande wa pili, mikono yangu haimfikii. Namsikia ba'mdogo naye huko huko, anacheka taratibu, anamwimbia mwanangu wimbo wa kumbembeleza. Baba ameshika tofali la mwisho. Anasita.

"Ukiandika nusu, umeuza nusu," anasema. "Iliyobaki utaidai kwa karatasi gani?"

Nataka kujibu, mdomo umejaa vumbi la saruji. Anainua vidole vyake mbele ya macho yangu. Ni vya buluu mpaka kwenye kucha, buluu ya karatasi ya kaboni.

"Uliyochoma ni ya juu."

Nikaamka. Nasra alikuwa analia kweli, kanga imelowa maziwa. Nilikaa namnyonyesha, na nilijua alichosema. Tangu mdogo nilikuwa natumwa na baba misumari kwenye lile duka la vifaa vya ujenzi la karibu na stendi. Muuzaji aliandika risiti juu ya kaboni: ya juu akampa mteja, ya chini ikabaki kwenye kitabu chake. Mwenye duka alishakufa, sasa anauza mwanawe. Huenda vitabu vipo stoo. Huenda wameshafungia maandazi. Sijui.

Saa kumi na mbili ba'mdogo akagonga.

"Mama Nasra, umeamka? Vaa upesi, mnunuzi hana subira."

"Sisaini ule mkataba."

"Umerukwa na akili? Nani kakujaza maneno?"

"Kaka yako," nikamwambia, mlango ukiwa bado umefungwa. "Amekuja usiku. Kasema bei iandikwe yote."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Akauliza kwa sauti ndogo kama ya mtoto aliyevunja chungu:

"Na mimi... kanitaja?"

Nilimfunga Nasra mgongoni, nikafungua mlango, nikampita amesimama pale kizingitini kama nguzo, nikaenda stendi, kwenye lile duka.