Sabuni ya Ufunguo

Kwanza munisamehe herufi zangu. Nilisoma shule ya msingi tu, na mkono wangu unaandika polepole. Mahali nilipokosea, someni kwa sauti, mutasikia nilichotaka kusema.

Ninaishi Butembo, katika Kimemi, pamoja na tantine wangu, mdogo wa mama. Yeye hupika sabuni nyuma ya nyumba. Ninayosimulia yalitokea nilipokuwa na miaka kumi na saba, na barabara ya Beni ilikuwa ikifungwa na kufunguliwa jinsi watu wa bunduki walivyotaka.

Tantine alipika kidogo: sufuria moja, kisanduku kimoja cha mbao, vipande arobaini. Hakupika tena mpaka viishe. Wateja hawakupenda jambo hilo. Bibi wa mwalimu mmoja aliyetumwa kwetu kutoka jimbo lingine alikuja siku moja na beseni lake akakuta sabuni imekwisha.

"Tantine, hii ni usine gani, kiwanda gani? Usine ya sufuria moja. Hata bamama ba mikate banakushinda."

"Mama mwalimu, ngoja siku kumi."

"Siku kumi? Na bwana yangu atafundisha na shati ya namna gani?"

"Siku Leta, hii serikali yetu, itamulipa, atanunua ingine."

Wote waliokuwa mlangoni walicheka, hata yeye mwenyewe. Mimi sikucheka. Tangu siku ile vijana wa mtaa waliniita Sufuria Moja, na mimi, ambaye hata salamu naijibu nikitazama chini, nilianza kupita njia ya nyuma.

Nilimwuliza tantine kwa nini hatupiki nyingi. Alikuwa akikoroga, akanijibu bila kuacha mwiko.

"Soda kali ya sabuni inatoka Uganda ndani ya mufuko. Mufuko moya imekunywa unyevu, nguvu imeisha. Ingine ni mupya, inachoma. Kwa macho hauwezi kujua. Donc ndiyo maana ninapika sufuria moya, ninaacha sabuni ilale, ninaigusa na ulimi, ninafua nguo zangu mwenyewe. Nikikosea, nimekosea kisanduku kimoya, ninaweza kukitupa. Nikikosea bisanduku bine, nitaanza kutafuta uongo ya kubiuzisha."

Kisha akaongeza: "Na nikijaza nyumba sabuni, bale ba bunduki ndio batanawa ba kwanza."

Alikuwa na kopo la vitu vidogo: kifungo cha koti, kizibo cha chupa, ufunguo usio na kufuli. Kila alipopika alichagua kitu kimoja na kukigandamiza juu ya kila kipande. Hivyo, sabuni ikiwa na kasoro, alijua ni ya sufuria gani. Ile ya mwisho ilikuwa ya ufunguo, nayo ilitoka nzuri sana. Wanawake walianza kuiomba kwa jina: "Ya ufunguo iko?"

Tantine akaenda Mavivi, kule mbele ya Beni, kutafuta mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese. Alisema siku tatu. Aliacha mfuko mpya wa soda na kuniambia nisiuguse mpaka arudi. Barabara ikafungwa nyuma yake. Siku ya tano bibi wa mwalimu akapita tena.

"Sufuria Moja, leo ni sufuria ngapi? Sifuri?"

Nikaazima sufuria kwa majirani. Nikatoa bido, yale madumu ya mafuta ambayo tantine alificha chini ya kitanda kwa siku mbaya. Nikapika visanduku vinne. Soda niliipima vikombe vilevile tulivyopima kwenye mfuko wa zamani, ule uliokunywa unyevu. Sikuwaza kitu kingine isipokuwa uso wa tantine atakaporudi na kuona.

Asubuhi niligusa kipande kwa ncha ya ulimi. Kiliniuma. Nataka mujue hilo: kiliniuma, na nikajiambia kwamba kitapoa chenyewe. Halafu nikafungua kopo. Nilijua kwamba sufuria mpya inataka alama mpya. Nilichukua ufunguo.

Viliisha kwa siku mbili. Bibi wa mwalimu alisema, "Kumbe usine imekomaa." Siku ile nilitembea nimeinua kichwa.

Jirani yetu wa nyuma alikuwa mama aliyekimbia kutoka Kasugho na watoto wawili. Alifua nguo za watu, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake yote. Alinunua vipande vitatu. Baada ya siku chache alikuja kwetu mikono imefungwa vitambaa. Ngozi ilikuwa imetoka katikati ya vidole, na ukucha mmoja umelegea. Hakuja kunilaumu. Alikuja kuomba mafuta ya kupaka.

"Labda ni maji ya kisima," alisema.

Nilimpa mafuta. 

"Wasingya, mwana wangu," alinishukuru kwa Kinande. "Uko na roho ya muzuri."

Tantine alirudi siku ya kumi na mbili, na kabla hajatua mzigo wanawake wengine walimwonyesha mikono myekundu. Akachukua kipande, akatazama ufunguo, akakigusa kwa ulimi. Kisha akanitazama.

"Bisanduku ngapi?"

"Bine."

Alama ilikuwa moja kwa nzuri na mbaya, hakuweza tena kuzitenga. Tulipita nyumba kwa nyumba tukikusanya zote, hata zile alizopika vizuri yeye mwenyewe. Kwa mama wa Kasugho tulikuta majirani wengi wamekaa uani. Tantine akasimama mbele yao.

"Soda nilikosea mimi. Sufuria ni yangu."

Nilikuwa nyuma yake na kikapu. Kisha akageuka kunitazama, na ninajua aliningojea niseme. Machozi yalinitoka tu, nikainamia kikapu. Yule mama akaniambia, "Usilie, mwana. Hapana wewe mwenye kukosea."

Waliokuwa wakimpa nguo za kufua walizipeleka kwa mwingine. Kabla mwezi haujaisha alichukua watoto wake akarudi Kasugho, ingawa kule risasi zilikuwa bado zinasikika.

Tantine hakunipiga wala hakunisema. Siku iliyofuata aliwasha moto chini ya sufuria moja, akanipa mwiko. Ule ufunguo alinipa niuweke, nao ninao mpaka leo. Sasa nina miaka ishirini, ninapika mwenyewe, na watu wakiniuliza kwa nini ninatoa kidogo hivi ninawaambia habari ya barabara na ya soda. Ni kweli yote. Habari ya mikono ile siwaambii.

Ninyi munaosoma, kama muko upande wa Kasugho na munamjua mama aliyekimbilia Kimemi akafua nguo za watu, musomeeni karatasi hii, kwa sababu yeye hasomi. Mumwambie haikuwa maji ya kisima, wala haikuwa tantine. Kisha muniandikie kama mikono yake ilipona, na kama bado inaweza kufua. Hata mstari mmoja unatosha, na majibu yake muyaandike jinsi atakavyoyasema, hata yakiwa makali.