Jina la Mama Mkwe

Jumatatu baada ya kitabu changu kuzinduliwa, niliamka kabla ya mapambazuko nikaenda kukamua ng'ombe. Gari la maziwa la Mweiga halimngojei mtu, awe amechapishwa au hajachapishwa. Dereva alipokea mkebe wangu, akaniuliza mbona leo nimechelewa, akaenda zake. Jumamosi, mjini Nyeri, watu walikuwa wamesimama kunipigia makofi. Sasa nilikuwa nimesimama kando ya barabara na gambuti zenye samadi, na baridi inaniuma masikio.

Asubuhi hiyohiyo nilipita kwenye duka la dawa za mifugo kununua chumvi ya ng'ombe.

“Hongera, mwalimu! Nimesikia uko na kitabu,” mwenye duka akasema. “Hiyo ni setibuku ya mtihani?”

“Hapana.”

“Itakuwa?”

“Sijui.”

“Basi ikikuwa, uniambie ninunulie kijana wangu.”

Wiki hiyo watu sita waliniuliza swali hilo, mmoja wao akiwa mchungaji. Zamani ningewaka. Mimi hasira zangu ziko karibu, na yeyote aliyewahi kuniuliza kama kuandika ni kazi anajua. Lakini wiki hiyo nilicheka tu. Nilikuwa na furaha, na sioni haya kuisema. Miaka saba nilikuwa nimekikokota kitabu kile, na hatimaye kilikuwa na jalada.

Wa kushukuriwa kwanza ni mama mkwe wangu. Tunaishi boma moja, nyumba yake inatazamana na jikoni kwangu. Nilipoacha kazi ya ualimu ili niandike, ukoo mzima ulisema nimerukwa na akili. Yeye alisema, “Mwacheni,” kisha kila jioni akawa anakuja kukamua ng'ombe wangu ili mimi nibaki mezani. Hakuwahi kuniuliza naandika nini. Mama yangu mzazi mwenyewe hakunivumilia hivyo.

Siku ya uzinduzi nilimpa nakala ya kwanza kabisa. Alikivalisha kitabu karatasi ya kalenda kuukuu, kama tulivyokuwa tukivalisha vitabu vya shule, akaweka bahasha ya sadaka kuwa alama yake. Kila siku baada ya chai ya saa nne alikaa kwenye benchi akisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Nyumbani tunaongea Kikuyu, lakini tangu Jumamosi alianza kuniongelesha Kiswahili. Ati mwandishi wa Kiswahili ni lazima aongeleshwe Kiswahili. Tena alikuwa amewaamuru akina mama wenzake wa kanisani wanunue kitabu, nao walinunua, kwa maana yeye ndiye mwenyekiti wao na hakataliwi. Jumapili ilikuwa nisimame mbele yao wanipe zawadi ya kiondo.

Hiyo Jumatatu mchana mume wangu alikuwa anasoma huku akila. Hajawahi kugusa mswada wangu hata mmoja, anasema atangoja kitabu kama watu wengine. Ghafla aliweka kijiko chini.

“Ngai! Sasa mama yangu amekukosea nini?”

Alinigeuzia kitabu, ukurasa wa sitini na nne, akaweka kidole juu ya jina. Nililitazama jina hilo. Lilikuwa la mama yake.

Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa babake. Kwa hiyo binti yangu ana jina la mama mkwe, na binamu zake wanne wanalo hilohilo. Ila halitamkwi. Mama mkwe siwezi kumwita kwa jina, ni utovu wa adabu. Na mtoto nikimfokea kwa jina hilo, nitakuwa nimemfokea bibi yake. Kwa hiyo mtoto nyumbani ni Mami, shuleni anatumia jina la ubatizo, na mama mkwe ni Shosho. Miaka kumi na tisa jina hilo halijawahi kutoka kinywani mwangu, nikasahau kabisa kwamba lina mwenyewe. Nilipotafuta jina la yule mwanamke wa riwaya, lilinijia lenyewe. Nikajiambia, hili ni jina zuri, la kizamani, sijui nimelitoa wapi. Mpumbavu mimi!

Na mwanamke mwenyewe ni nani sasa? Ni mke anayewaacha watoto watatu na mume mgonjwa, anapanda lori la viazi na dereva wake, anakwenda Nanyuki kufungua baa. Kabla ya kuondoka anamtukana mama mkwe.

“Mwambie wewe,” nikamsihi mume wangu. “Ni mama yako.”

“Mimi? Kwani ni mimi niliandika?”

Nilimrushia kitambaa cha vyombo.

Jumanne, Shosho alipokwenda kukata nyasi, nilinyemelea benchi nikachungulia. Bahasha ilikuwa ukurasa wa ishirini na tatu. Jumatano mvua ilinyesha, akasoma sana, akafika arobaini na moja. Wageni walikuja kunipongeza, nikawapikia, nikacheka nao, huku kichwani napiga hesabu ya kurasa. Alhamisi asubuhi alikuwa hamsini na nane. Nilijikaza nikamwendea.

“Shosho, hiyo nakala ilichapwa vibaya. Nipe nikuletee nyingine kutoka Nyeri.”

“Hii iko sawa,” akasema, akakikumbatia kitabu. “Mbaya ni macho yangu.”

Ningesemaje? Kumwambia ukweli kungenilazimu kulitaja jina lake mbele yake. Na nikinyamaza angelikuta mwenyewe, akiwa peke yake, akadhani hivyo ndivyo ninavyomwona baada ya miaka yote ile. Sikuogopa kitu kingine duniani isipokuwa hicho. Kitabu ningeandika kingine. Mama mkwe kama yule nisingempata tena.

Ijumaa niliitwa Nyeri kutia sahihi nakala za duka moja la vitabu. Walikuwa wamekiweka dirishani, katikati ya vitabu vya marudio ya mitihani. Nilisimama nje nikakitazama, nikajiona wa maana kwa kama dakika tano. Kisha nikanunua mkate nikarudi nyumbani.

Shosho alikuwa kwenye benchi. Miwani alikuwa ameivua, kitabu kimefungwa mapajani, na bahasha ilikuwa imepita katikati.

“Kuja hapa,” akasema.

“Shosho, nisamehe. Naapa sikukusudia. Sikufikiria, Shosho, mimi ni…”

“Keti kwanza. Unanisimamia kama chifu.”

Nikaketi. Mkate niliushika mpaka ukabonyea.

“Kumbe unajua jina yangu?”

“Najua.”

“Mimi nilifikiria mlisahau nyinyi wote.” Alikuwa akitazama ng'ombe, si mimi. “Mzee wangu alikuwa ananiita hiyo. Akaenda. Dada yangu wa Kiriaini akikuja hapa alikuwa anaanza kuniita akiwa kwa geti, kelele mpaka kuku zinakimbia. Huyo tukazika mwaka juzi. Tangu hiyo siku hakuna mtu ameniita. Niko Shosho. Niko Mama fulani. Kanisani niko mwenyekiti. Sasa jana nikiwa nasoma, nikaona huyo mwanamke anaitwa. Nikageuza karatasi, anaitwa tena. Nikaweka kitabu chini kidogo.”

Machozi yalikuwa yamenijaa.

“Lakini Shosho, amefanya mabaya.”

“Amefanya! Mshenzi huyo, ati anaacha watoto!” Kisha mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. “Lori ya viazi! Mimi! Mimi Nanyuki naenda matanga tu!”

“Na akina mama wa kanisa?”

“Wameanza kunipigia simu. Mmoja ananiuliza baa yangu inafungua saa ngapi. Wewe Jumapili vaa vizuri tu.”

Nilicheka na kulia pamoja, nikamwegemea begani, jambo ambalo kwetu mkaza mwana hafanyi. Hakuniondoa. Alifungua kitabu, akageuza kurasa taratibu, akaniwekea mapajani.

“Sasa nisomee. Macho imechoka. Hapa.”

Ulikuwa ukurasa ambapo mume mgonjwa anajikokota mpaka langoni asubuhi, mke ameshaondoka, naye hajui, anamwita. Nilisoma vizuri, kwa sauti ya darasani, mpaka nilipofika kwenye jina. Hapo nikakwama. Ulimi ulikataa kabisa.

“Soma,” akasema Shosho.

Nikalitamka.

“Ee,” akaitika.

Nikaendelea. Mistari miwili mbele yule mume anaita tena, kwa nguvu zaidi. Nikaita naye.

“Ee,” akasema mama mkwe wangu, amefumba macho. “Niko hapa.”