Wageni wa Mama Mchanga

"Kazi hii hapa kiwandani hakuna anayeniweza," anasema Mama Mchanga, mikono kiunoni, buti za mpira zimemfika magotini. Anafikiri kidogo. "Basi, hakuna mwingine anayeifanya."

Ni saa moja asubuhi, nyuma ya kiwanda cha mvinyo. Anafungua koki taratibu, na maji yaliyotumika kuosha mapipa na mashine za kukamulia zabibu yanaanza kumwagika juu ya matangi manne ya mchanga, kila moja na ukubwa wa kitanda. Maji hayo yana rangi ya zambarau na harufu ya siki inayotoa machozi. Chini, upande wa pili, yanachuruzika meupe.

"Humo ndani wanakaa wageni wangu," anasema.

Wageni wenyewe ni vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vinakula sukari na pombe iliyobaki majini, huku chembe za chokaa zilizochanganywa na mchanga zikipunguza uchachu.

"Wape kidogo kidogo. Ukiwamwagia kwa pupa wanavimbiwa, na mgeni aliyevimbiwa hana faida."

Leo utani wake una haraka kidogo. Mpima maji yuko njiani. Maji yakionekana bado machachu, bosi ameapa matangi yatafukiwa, na Mama Mchanga atarudi kubandika lebo kwenye chupa, kazi aliyokuwa akiifanya huku akisinzia.

Kilichomkatisha bosi tamaa ni sabuni. Miezi michache iliyopita Mama Mchanga aliuguza mjukuu, akamwachia matangi wifi yake, mwosha mapipa. Wifi ni mtu wa usafi. Alipoona ute juu ya mchanga, aliona aibu kwa niaba ya ukoo mzima. Akauchota mchanga wote, akausugua kwa sabuni ya unga, akaurudisha unameremeta.

Maji yakatoka machachu kama yalivyoingia. Nyasi za bondeni yanakomwagikia zikaungua.

"Nilikuwa nakusaidia," wifi anajitetea hadi leo, brashi mkononi.

"Ulinisaidia kuzika. Umewaosha wageni wangu mpaka wakafa."

"Mgeni gani ana ute, wifi?"

"Kaka yako akishikwa na mafua ana ute kuliko mchanga huu, na bado namlisha."

Mama Mchanga alikwangua mchanga wa zamani uliokuwa umeganda kwenye kuta za matangi, ambao sabuni haikuufikia, akauchanganya na ule uliooshwa, akaanza upya kulisha kata kwa kata. Watu wakipita walimwona ameinama anaongea na tangi. Walidhani ameanza kuzeeka vibaya. Hakuwasahihisha, kwa sababu waliacha kumtuma chai.

Mpima maji anafika, na bosi nyuma yake. Anachovya karatasi ya kupimia kwenye maji yanayoingia: inakuwa nyekundu, alama ya uchachu. Anachovya nyingine kwenye yanayotoka. Wifi anajifunika uso kwa kanga, lakini ameacha upenyo wa jicho moja.

Karatasi inageuka kijani.

"Haya mnaweza kumwagilia zabibu," anasema mpima maji.

Wifi anapiga kigelegele kinachowatoa wafanyakazi wote ndani. Mama Mchanga anakaa kwenye ndoo aliyoipindua, anacheka mpaka buti zinatikisika.

Bosi anamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Mama, mimi sikuwa na wasiwasi hata siku moja. Yale ya kufukia ulikuwa utani tu. Nilitaka kukuchangamsha."

"Ahsante, baba. Nilichangamka kweli, hata usingizi sikuupata."

Honi inalia getini. Lori limeingia, limejaa udongo mpaka juu. Dereva anatoa kichwa dirishani.

"Bosi, kile kifusi ulichoagiza cha kufukia matangi, nimwage wapi?"

Bosi anaangalia viatu vyake. Wifi anakohoa. Mama Mchanga anasimama, anajipangusa mchanga, anamwonyesha dereva uwanja mtupu kando ya tangi la nne.

"Mwaga pale, mwanangu, tusawazishe. Msimu ujao zabibu zitazidi, nataka tangi la tano. Bosi akitania, anatania kwa lori zima."