Goti Langu na Mpini wa Kaka

Wewe unayenisikiliza, kaa kwanza. Nyoosha mguu mmoja, halafu uukunje polepole mpaka kisigino kisogee karibu na paja. Umeweza bila hata kufikiri. Basi nisikilize taratibu, maana kitendo hicho kidogo mimi nilikipoteza kwa pigo moja, na kukirudisha kulinichukua karibu mwaka mzima. Mwaka huo wote nilikuwa natamani kumvunja mtu.

Ilikuwa kijijini kwetu Ihanda, miaka michache baada ya vita vya pili vya dunia kwisha. Baba alikuwa amefariki, akatuachia mimi na kaka yangu kibanja cha migomba na kahawa. Mimi nilikuwa sijaoa, kwa hiyo niliishi na mama na kuchunga ng'ombe wetu sita kwenye mbuga. Kaka alilima, na nyumba yake ilikuwa hatua chache kutoka kwetu. Hakuwa mtu mbaya. Ila hasira yake ilikuwa inafika kabla ya maneno yake, na mikono yake ilikuwa mizito kama magogo mabichi.

Siku moja mvua ilinikimbiza, nikawarudisha ng'ombe mapema. Njiani nikasimama chini ya mgomba kujikinga, nikasinzia nimesimama. Nilipofumbua macho, ng'ombe walikuwa ndani ya shamba jipya la kaka, wanatafuna machipukizi ya migomba na kukanyaga miche ya kahawa aliyokuwa akiimwagilia kwa kibuyu kiangazi chote. Kaka alikuwa uani akichonga mpini mpya wa jembe. Alikuja na ule mpini mkononi.

"Macho yako yalikuwa wapi?"

"Kaka, nisamehe. Mvua..."

"Mvua ndiyo inayochunga siku hizi?"

Pigo la kwanza lilinipata mbavuni. Nilipoinama, la pili likashuka chini kidogo ya goti la kulia. Mlio wake ulikuwa kama tawi la kahawa linalobanduliwa kwenye shina. Nilianguka kwenye tope, nikaona kidole gumba cha mguu wangu kinatazama upande ambao hakijawahi kutazama. Kaka aliangalia mpini, kisha mguu, kisha mpini tena, kama mtu anayeuliza ni kipi kati ya viwili hivyo kimevunjika.

Mzee wa kuunga mifupa aliitwa kutoka Ihembe. Alinipapasa kwa vidole vilivyopakwa siagi ya ng'ombe, akasema mfupa umekatika na lazima uvutwe kabla uvimbe haujawa mkubwa. Alitaka mtu mwenye nguvu wa kunishika mabega. Mwenye nguvu kuliko wote alikuwa kaka. Mzee alipovuta, niligeuza kichwa nikakamata mkono wa kaka kwa meno, nikauma mpaka nikasikia damu yake kooni. Hakuutoa. Mzee akavuta tena, mfupa ukarudi mahali pake kwa kishindo nilichokisikia ndani ya kichwa, na mimi bado nilikuwa nimeuma.

"Mwachie sasa," mzee aliniambia. "Nimemaliza. Mkono wake siwezi kuuunga."

Aliufunga mguu kwa vijiti na maganda ya mgomba makavu, akaagiza nilale. Baada ya majuma kadhaa alirudi, akafungua, akabonyeza, akasema mfupa umeshika na sasa mguu uanze kazi kidogo kidogo. Akaenda zake. Hapo ndipo kosa letu lilipoanza, na lilikuwa kosa la upendo.

Kwetu mgonjwa hulazwa, na heshima ya nyumba ni kuonyesha kwamba mgonjwa wake hasumbuliwi. Majirani walikuja na mikungu ya ndizi, wakaketi juu ya nyasi zilizotandikwa sakafuni, na kila mmoja aliniambia maneno yaleyale: pole, tulia, usijisogeze. Mama angeonekana mwanamke wa namna gani kama wangenikuta najikongoja uani? Akaufunga tena mguu kwa kitambaa, kwa mikono yake mwenyewe, akanilaza miezi miwili mingine. Alinilisha, akanipangusa, akanikataza hata kujigeuza. Alipofungua kitambaa mara ya mwisho, paja langu lilikuwa jembamba kama la mbuzi wa kiangazi, na goti lilikuwa limenyooka kama mchi. Halikukunjika hata kidogo.

Elewa maana yake. Mchungaji asiyekunja goti hawezi kumfuata ng'ombe kwenye mteremko. Hawezi kuchuchumaa kukamua. Hawezi kumkimbia fisi. Ningekaa uani na wanawake nikimenya ndizi mpaka nife. Niliuchukua ule mpini, ambao kaka alikuwa ameutupa mlangoni kwetu, nikaufanya mkongojo. Jioni niliulaza chini ya kitanda. Nilikuwa nimeuandalia kazi nyingine.

Kaka naye aliona mguu ule ulivyokakamaa, akashindwa kula. Asubuhi moja aliingia na wanaume wawili wa jirani.

"Ng'ombe akigoma kusimama tunamwinua," alisema. "Goti likigoma kukunjika tutalikunja."

Mmoja alinikalia kifuani, mwingine akashika paja, na kaka akakamata kifundo cha mguu akasukuma kwa uzito wake wote. Nilipiga kelele mpaka ng'ombe wakaruka zizini. Kitu kikachanika ndani, kama kitambaa kibichi. Goti lilikunjika kidogo, kweli, na kabla ya saa sita mchana lilikuwa limevimba kama kibuyu, jeusi, la moto, na limekaza kuliko mwanzo.

Nilimwambia nikiwa nimelala kwenye matapishi yangu, "Nikipona nitakuvunja miguu yote miwili."

"Pona basi," alisema.

Walinibeba kwa machela hadi zahanati iliyokuwa ng'ambo ya kijiji cha Kituntu. Kaka alibeba mbele njia nzima bila kupokewa. Dresa wa pale, yule wa kusafisha na kufunga vidonda, alikuwa amefanya kazi katika hospitali ya jeshi wakati wa vita. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu tu, na kwa hivyo vitatu alishika goti langu kana kwamba ni yai.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba. Nani alikuvunja?"

"Kaka."

"Na nani alikukunja?"

"Kaka."

"Kaka yako ana bidii," alisema. "Yupo nje? Mwambieni asiingie."

Kisha alinieleza, na mimi nakueleza wewe kama alivyonieleza, kwa sababu sijapata kusikia maelezo bora. Mfupa uliovunjika unataka kutulia. Lakini nyama za paja na kano za goti zinataka kazi. Mfupa ukishashika, ukiendelea kuutuliza mguu wote, nyama zinayeyuka na kano zinafupika kama ngozi mbichi iliyoachwa juani. Na ngozi iliyokakamaa hailainishwi kwa kuipiga teke. Huloweshwa, huvutwa kidogo, huachwa, huvutwa tena.

"Kuna maumivu ya aina mbili," alisema. "Moja linavuta, na ukiachia linaondoka. Hilo ni rafiki yako, hata kama ana mdomo mchafu. Jingine linachoma, linavimbisha, na asubuhi bado lipo. Ukilisikia hilo, simama. Kaka yako alikupa la pili, akadhani ni dawa."

Tulingoja uvimbe upungue. Kisha akakata gamba la mgomba, lile la ndani linaloteleza, akalimwagia maji, akalitandika chini na kuweka kisigino changu juu yake. "Vuta kisigino kuja kwako. Hapo hapo. Hesabu mpaka kumi. Rudisha." Kabla ya hapo alinifanya nikaze paja bila kusogeza mguu, niangalie nyama inavyojikusanya juu ya goti. Siku ya kwanza haikujikusanya. Niliiamuru kama mtu anayemwamuru ng'ombe wa jirani.

Nilirudi nyumbani na kufanya zoezi lile asubuhi, adhuhuri na jioni, kila siku na gamba jipya. Nami nilihesabu kwa namna yangu. Moja, ugoko wa kaka. Mbili, ugoko wa pili. Tatu, taya. Nne, mbavu za kushoto. Nilipofika kumi, kaka alikuwa hana mfupa mzima mwilini, na kisigino changu kilikuwa kimesogea upana wa kidole.

Mama alinitazama siku nyingi kabla ya kusema.

"Unataka kupona ili uvunje."

"Nataka kupona, mama."

"Kuna mpini chini ya kitanda chako. Mimi ndiye ninayefagia humu. Mnataka niwe na vilema wawili wa kulisha?"

Mpini sikuuondoa.

Goti lilianza kutii. Upana wa kidole ukawa wa kiganja. Dresa alipopita na baiskeli yake kwenda kuchanja watoto, aliniongezea kazi: kusimama na kuketi kwenye kigoda bila kushika kitu, kisha kupanda na kushuka jiwe la mlangoni, mguu mbovu ukitangulia kupanda. Aliniuliza kwa nini nahesabu nimeuma meno. Nikasema ni maumivu. Akasema maumivu hayana sura ya mtu.

"Umebakiza mambo mawili," aliniambia mara ya mwisho. "Kugeuka na kuteleza. Mguu wako unajua kwenda mbele tu. Usiuamini bado."

Sikutaka kusikia. Nilikuwa natembea hadi mbugani na kurudi. Paja lilikuwa limejaa. Siku iliyofuata nilichukua mpini, nikavuka mpaka wa kibanja.

Kaka alikuwa uani na mtumbwi wake wa kukamulia pombe, gogo refu lililochimbwa, limejaa ndizi mbivu zilizochanganywa na nyasi. Alikuwa ndani yake, suruali imekunjwa juu ya magoti, anakanyaga. Aliniona, akauona mpini, akatoka taratibu. Akaketi ukingoni mwa mtumbwi, akanyoosha miguu yote miwili mbele yangu, inachuruzika maji ya ndizi.

"Upi kwanza?" aliuliza.

Kwenye mkono wake niliyaona meno yangu, kovu la duara. Haikunizuia. Niliinua mpini kwa mikono yote miwili, nikakaza mguu wa kulia, nikazungusha kiuno ili pigo liwe na uzito. Goti likageuka upande ambao sikuwa nimelifundisha. Likaniachia. Mpini ulipiga ukingo wa mtumbwi sentimita chache kutoka kwenye ugoko wake, ukapasuka, na mimi nikaanguka kifudifudi, kidevu kikagonga gogo. Nilitema damu na kipande cha jino.

Kaka hakunyanyuka. Alisema, "Bado hujapona."

Nilitaka kumtukana, lakini nilikuwa nashika goti. Nilibonyeza pande zote kama dresa alivyonifundisha. Lilikuwa linavuta. Halikuwa linachoma. Nilikaa nikilisikiliza, nikiogopa kuliko siku ile ya mvua, maana safari hii ningekuwa nimelivunja mwenyewe. Taratibu maumivu yakaondoka.

"Dresa amesema nini?" kaka aliuliza.

"Kugeuka na kuteleza."

Alitazama ndani ya mtumbwi, kwenye ndizi zilizopondeka. "Hakuna kinachoteleza kuliko humu," alisema. "Osha miguu."

Niliosha. Nikaingia. Kazi hii ni ya wanaume kwetu, na hufanywa kwa kushikana mabega ili mtu asianguke. Sikuwa nimemsamehe. Nilihitaji mabega yake, kwa hiyo niliyashika, na vidole vyangu nilivizamisha mpaka akakunja uso. Tukakanyaga. Ndizi ziliukwepa mguu wangu, nyasi ziliukamata, na kila hatua goti lilibidi liamue upya likae wapi. Kila nilipoyumba alikaza. Mara mbili nilimsukuma makusudi. Mara mbili alirudi mahali pake.

"Unanisukuma," alisema.

"Nateleza."

"Teleza basi."

Nilienda kila walipokamua, kwake na kwa majirani, msimu wote, na siku nyingine niligeuka nyuma-mbele ndani ya mtumbwi mpaka nyasi zikasokotana miguuni. Sijui ni siku gani nilianza kuhesabu moja, mbili, tatu bila kuweka mfupa wa mtu juu ya namba. Najua tu kwamba msimu wa mvua uliofuata, fahali wetu alichomoka kuelekea miche mipya ya kaka, nami nikamkimbilia kwenye mteremko wenye tope, nikageuka mbele yake na kumzuia kwa vipande vya ule mpini tulivyokuwa tumevifunga kamba. Kaka alikuwa amesimama pembeni ya shamba, mikono mitupu. Aliangalia mguu wangu, si ng'ombe.

Sasa rudi kwenye mguu wako. Kama uliumia, na mtaalamu amekuambia mfupa umeshika, kaa chini unyooshe miguu. Weka kisigino juu ya kitu kinachoteleza, gamba la mgomba lenye maji au kitambaa juu ya sakafu laini. Vuta kisigino kuja kwako mpaka usikie goti linavuta; likichoma, acha. Hesabu mpaka kumi, rudisha polepole, rudia mara kumi, asubuhi na jioni.