Mama Katika Sura ya Thelathini na Moja

Asheri Mwakibinga wa Bujonde alikuwa fundi wa kuchora mabango, na kwa miaka kumi na minane hapakuwa na mtaa Kyela mjini usiokuwa na mkono wake. Vichwa vilivyonyolewa kwenye milango ya saluni, kuku wa kukaanga, meno meupe nje ya duka la dawa, simba mgongoni mwa basi la kwenda Tukuyu, vyote vilikuwa vyake. Kisha zikaja mashine za kuchapisha mabango ya plastiki. Mtu anaingia asubuhi na picha kwenye simu, mchana anatoka na bango limekunjwa kwapani. Haikupita misimu miwili ya mpunga, Asheri akawa haitwi tena ila kuandika namba kwenye mapipa ya maji.

Aliyemwita kwa kazi ya maana mara ya mwisho ni Patrick, kijana mwenye ukumbi wa gemu karibu na stendi. Patrick alitaka ukuta wake uchorwe joka na mashujaa wa gemu moja ya Kijapani iliyokuwa inagombaniwa pale ukumbini, gemu ya mapanga, wachawi na falme zilizozama majini. Asheri hakuwa amewahi kucheza gemu yoyote. Alikaa kwenye benchi siku tatu akitazama wengine wakicheza, kisha akachora. Joka alilipata vizuri. Lakini ukuta ulikuwa mrefu na kumbukumbu ya gemu ikamwishia katikati, hivyo nyuma ya joka akajaza vitu anavyovijua: mashamba ya mpunga ya Bujonde yakiwa chini ya maji, mikakao yenye matunda yaliyogandamana na shina, na ile milima mirefu ya Matema inayoshuka moja kwa moja ziwani.

Patrick aliupiga picha ukuta ule akaiweka kwenye ukurasa wa mtandaoni wa wapenzi wa gemu hiyo. Miezi minne baadaye alikuja Bujonde na pikipiki, hata kofia ngumu hakuivua.

"Fundi, wamekuandikia! Hawa wanatengeneza manga ya ile gemu."

"Manga ndiyo nini?"

"Vitabu vya katuni vya Kijapani. Vinasomwa kuanzia nyuma. Hadithi ya gemu wanaigeuza kitabu, watu wasome badala ya kucheza. Wachoraji wa mashujaa wanao. Wanatafuta mtu wa kuwachorea vya nyuma. Nyumba, miti, masoko, watu wanaopita."

"Watu wanaopita tu?"

"Wanaopita tu. Wasiosema kitu."

Mkataba ulikuja kwa Kiingereza. Patrick alisoma ukurasa wa kwanza kwa sauti, kurasa zilizobaki akasema ni maneno ya kawaida ya mikataba. Asheri akatia sahihi kwa kidole juu ya kioo cha simu. Baadaye wakamtumia tableti ya kuchorea na kalamu yake isiyo na wino.

Kwa muda wa mwaka na zaidi alikuwa mtu mwenye furaha, na wanaomfahamu wanasema hawajamwona hivyo kabla wala baada. Studio ilimtumia kurasa zenye mashujaa waliokwisha chorwa, nyuma yao peupe. Yeye alijaza ule weupe. Mkewe, Rut, alikuwa akianika kakao uani huku akimsikia mumewe anacheka peke yake ndani. Alipenyeza nyumba za mianzi za Wanyakyusa katika ufalme wa wachawi. Alimweka mchungaji wao kwenye foleni ya daraja, na ng'ombe wa jirani kwenye jeshi la wafu. Juzuu zilipotoka, Patrick alizifungua kwenye simu na vijana wa ukumbini wakawa wanashindana kuvitambua vitu. "Hili si lile daraja la kwetu?" Jina la Asheri halikuwemo kitabuni, lakini hakujali. Alisema hata kwenye mabango hakuwahi kuandika jina.

Sura ya kumi na tisa ilidai soko la ufukweni. Asheri alichora Lyulilo, kwa sababu ndilo soko la ufukweni analolijua. Mama yake alikuwa Mkisi, mfinyanzi, na alipofiwa na mume alirudi kuishi kule na binti yake, Beatrice. Asheri alimchora pale anapokaa siku za soko, mguu mmoja umenyooshwa, mwingine umekunjwa, vyungu vimemzunguka, kiganja kinagonga tumbo la chungu ili mnunuzi asikie kinavyolia. Alimrudia rudia. Alichora pengo la jino lake, alichora mshipa wa shingo. Katika kurasa ishirini na mbili alimweka mara tisa.

Alikuwa kwenye ukurasa wa kumi na tano Beatrice alipopiga simu.

"Kaka, mama kifua kimembana tangu juzi. Njoo."

"Amepelekwa hospitali?"

"Tumempeleka, wamempa dawa. Lakini anakuuliza wewe."

Ilikuwa Jumanne. Kazi ilitakiwa ifike Ijumaa.

"Nitakuja Jumamosi asubuhi," alisema Asheri. "Mwambie Jumamosi."

Rut alisimama mlangoni na ungo mkononi. "Baba Lugano, kwenda na kurudi ni siku moja."

"Najua. Nikimaliza hizi."

Simu ya pili ilikuja Alhamisi kabla ya saa sita mchana. Beatrice hakuweza kusema, aliyesema ni jirani. Asheri alisikiliza, akashukuru, akaweka simu mezani. Palikuwa pamebaki vyumba viwili vya picha, vile visanduku vinavyogawa ukurasa wa katuni, na katika kimoja mama alikuwa amechorwa nusu, kichwa na mabega tu. Rut alimwona akichukua kalamu. Alimwona akiukamilisha mkono, kitambaa cha kiunoni, mguu ulionyooshwa. Kisha akatuma kurasa zote, akaenda kisimani kunawa, akavaa shati jeusi. Rut hajawahi kumwambia neno juu ya ile nusu saa. Asheri alisema baadaye kwamba angemshukuru kama angemtukana.

Baada ya mazishi studio ikampa kazi kidogo, kisha kidogo zaidi. Miezi mitatu baadaye ukaja ujumbe wa shukrani, simu ikamtafsiria. Hawatahitaji tena mchoraji wa mandhari. Asheri aliupokea kama mtu anayepokea adhabu aliyoitarajia, akaingia shambani.

Patrick hakujua. Ndiyo maana, miezi mingine ilipopita, alimpungia mkono mbele ya ukumbi akiwa amejaa furaha.

"Fundi, hongera! Kumbe umerudi kazini. Sura ya thelathini na moja ni moto."

"Sijarudi."

"Acha utani. Hii hapa."

Asheri aliishika simu. Lilikuwa soko la ufukweni tena, na mistari ilikuwa yake, vile alivyouzoesha mkono wake tangu utoto, ule unene wa kuanzia na wembamba wa kumalizia. Milima ilikuwa yake. Mama alikuwa mle. Alikuwa katika kona ya juu akibeba chungu kichwani, na chini kidogo amekaa, na kando yake amekaa tena, amegeukia upande wa pili. Mama watatu katika ukurasa mmoja, hakuna anayemjua mwenzake. Akafunua. Joka lilikuwa limelishukia soko. Mama alikuwa kifudifudi majini, mgongo umeungua, vyungu vimepasuka juu yake. Akafunua tena. Moto ulikuwa bado unawaka, na mama amekaa palepale, anagonga chungu, anacheka.

"Mimi sijachora hii," alisema.

Patrick alichukua simu, akatazama kwa muda mrefu. Alikuwa kijana mwepesi wa maneno, lakini safari hii yalimtoka taratibu.

"Akili mnemba, fundi. Wameilisha kompyuta kurasa zako zote. Sasa inachora kama wewe."

"Na yeye?"

"Yeye nani?"

"Huyu ni mama yangu."

Walikaa kwenye benchi lile la wachezaji, Asheri akisema kwa Kiswahili, Patrick akiandika kwa Kiingereza. Hakudai kazi yake wala malipo. Aliomba jambo moja, wamwondoe yule mama. Wachore mtu mwingine yeyote. Jibu lilikuja baada ya wiki, la adabu kabisa. Lilisema kwamba kwa mujibu wa mkataba michoro yote na vilivyomo ndani yake ni mali ya studio, na kwamba anayemzungumzia ni mtu wa nyuma asiye na jina. Walimtakia kila la heri.

"Waandikie," alisema Asheri, "kwamba jina analo. Anaitwa Maria."

Patrick aliandika. Hawakujibiwa tena.

Tangu hapo Asheri alianza kumtafuta mama yake kwa penseli. Alikaa uani na madaftari ya shule ya mwanawe, akachora. Alitaka amchore sawasawa, mara moja tu, awe na wa kwake. Lakini kila alipoanza, aliyekuja ni yule wa kwenye simu, mwenye kicheko kilichonyooka na macho yasiyomtazama mtu. Alijaribu kukumbuka pengo la jino lilikuwa kulia au kushoto. Kwenye kurasa za mashine mara lilikuwa huku, mara kule, na zile zake za sura ya kumi na tisa hakuthubutu kuzifungua tangu Alhamisi ile. Alimuuliza Rut.

"Kushoto," alisema Rut, kisha akasita. "Nadhani kushoto."

Asheri aliyafunga madaftari, akayatia jikoni kwenye moto, na Rut akapika chakula cha mchana kwa moto huo bila kuuliza.

Mwaka ulipotimia ndugu walikusanyika Lyulilo kwa ibada ya kumbukumbu. Watu walipotawanyika, Asheri alibaki na dada yake penye jiwe la kufinyangia la mama, ambalo lilikuwa halijaguswa. Alikuwa amedhamiria kumweleza yote, Alhamisi ile na vile vyumba viwili vya picha, na mashine. Aliona akianza kwa kumwonyesha ndipo atapata maneno. Akaifungua ile sura kwenye simu, akampa.

Bahati mbaya ulifunguka ukurasa wa mama anayecheka. Beatrice aliushika kwa mikono miwili. Mama hakuacha picha yoyote zaidi ya ile ndogo ya kadi ya kura, yenye uso wa mtu anayeogopa.

"Ni yeye," alisema Beatrice. Machozi yalikuwa yameanza. "Kaka, ni yeye kabisa. Anagonga chungu."

"Beatrice, hebu nisikilize. Hiyo picha..."

"Mwaka mzima nimekuchukia, nikwambie ukweli. Alikuuliza mpaka Jumatano usiku. Nilisema moyoni, kaka ana roho ya jiwe, amekaa na kazi zake. Kumbe ulikuwa naye. Kumbe ulikuwa unamweka asipotee."

Asheri alifungua kinywa. Anasema neno lilikuwepo, lilifika hadi kwenye meno.

"Ndaga fijo, asante sana, kaka," alisema dada yake, akamshika mkono ule wa kuchorea akaubana kifuani. "Nisamehe."

Naye akasema, "Nimekusamehe."

Beatrice aliichapisha picha ile Kyela mjini kwenye duka la mabango, kubwa kama mlango, akaipiga misumari sebuleni. Wageni huingia kuitazama. Wafinyanzi wenzake wa zamani wa marehemu husimama mbele yake na kusema Asheri ana mkono wa Mungu. Mmoja tu, bibi kizee, aliuliza kwa nini Maria amechorwa kama hamjui anayemwangalia, wakamwambia macho yake mwenyewe yamechoka.

Asheri hachori tena. Anavundika kakao, anapanda mpunga, anajibu salamu. Rut alimwomba aandike jina la mtoto kwenye sanduku la shule, yeye akalipeleka kwa jirani aandike. Kwa Patrick hapiti. Akienda stendi huzungukia nyuma ya soko.

Septemba hii Beatrice alipiga simu kuuliza kama wataonana kwenye kumbukumbu ya pili. Asheri alimwambia mvua imekata barabara ya Matema, magari hayapiti. Beatrice alikuwa kando ya barabara hiyohiyo, na vumbi la malori lilikuwa linamfanya akohoe kwenye simu. Alingoja lori lipite.

"Haya, kaka," alisema. "Pole na mvua."