Kapteni Aliyebeba Maji

Mwanangu, siku ile naikumbuka mpaka harufu ya nyasi zilizokatwa pale kiwanjani Rågsved, hapa Stockholm. Nilikuwa mwanafunzi, nimetoka Kenya juzijuzi tu, na kapteni wa timu yetu ya kriketi alikuwa mzee mmoja wa Barbados, dereva wa basi. Jamani, yule mzee! Kwao alianza kucheza barabarani bila viatu, akaja kuwa kapteni wa klabu yake angali kijana mdogo, akabeba vikombe. Mapenzi yakamleta huku, na hapa pia akatuongoza kushinda miaka na miaka. Tulimpenda sana, na kumwogopa kidogo.

Asubuhi ya fainali akasoma majina ya wachezaji. Lake halikuwemo. Magoti yamechoka, akasema, kisha akaniita mimi: "Leo kapteni ni wewe." Nilikuwa mdogo kuliko wote, na wale wakubwa walishaanza kunung'unika.

Mambo yakaharibika mapema. Wapinzani waliutandika mpira kila upande, nami sikujua nimpe nani aurushe. Tulipopumzika kidogo nikamwona mzee anakuja na chupa za maji, kazi ya mchezaji wa akiba. Nikamshika mkono. "Mzee wangu, niambie nifanye nini!"

"Nimeleta maji," akasema. "Kunywa, kisha uamue."

Haki ya Mungu, nilimkasirikia! Nikampa mpira Mkongo mmoja aliyejifunza mchezo huu hukuhuku Sweden, mwenye kurusha polepole. Akawatoa wapigaji wawili, tukapata matumaini. Lakini wapi! Tulishindwa.

Nilikaa chini nikilia kimyakimya, nikingoja mzee aichukue tena timu yake. Akaja, akaketi kwa shida karibu nami. "Kapteni," akaniuliza, "Jumamosi mazoezi ni saa ngapi?"

Sasa wewe nimekuachia kwaya yetu ya Hallunda, unaniambia utaharibu. Haribu tu! Na usinijibu kwa Kiswidi, sikiliza. Ukipewa uongozi, amua mwenyewe, hata sauti ikitetemeka. Ukikosea, urudi wiki inayofuata uongoze tena. Jumapili nitakaa nyuma kabisa; wimbo ukipotea, usinitafute kwa macho, maana nitakufuata wewe. Mungu akupe moyo mkunjufu, mama yangu, na akuzungushie watu watakaokuita kiongozi hata siku utakayoshindwa.